Wavu Hupimwa kwa Mkono Mdogo

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni namna ya kuchagua wavu wa kizimba cha tumbili na wanyama wa jamii yake. Huenda mtu akasema, "Mwalimu huyu amekosa la kuandika? Sisi twawafukuza tumbili mashambani, yeye atufundisha kuwajengea nyumba!" Zamani nasi tungalisema vivyo hivyo. Lakini jambo hili lilitupata, likamwumiza mtoto wa watu, likatufunza neno ambalo hatukulipata chuoni. Basi twaliandika kama lilivyotokea, wala hatufichi kosa letu, ili mwenzetu atakayepatwa na kama hayo aanzie pale tulipoishia sisi.

Kijiji chetu kiko chini ya milima ya Usambara, na mashamba yetu yapakana na msitu. Kila mwaka mahindi yakianza kukomaa, tumbili hushuka makundi makundi, na watu hushinda mashambani pamoja na mbwa wao wakilinda. Siku moja mbwa walimwua tumbili jike, na mtoto wake akakutwa angali amemkumbatia kifuani. Vijana wa darasa la sita wakamwonea huruma, wakamtia kapuni, wakamleta shuleni. Alikuwa mdogo, lakini alikwisha kuanza kutafuna majani na matunda. Watoto wakamwita Mgeni.

Twajua ya kuwa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, mtu hana ruhusa ya kumweka mnyama wa porini nyumbani kwake pasipo kibali. Kwa hiyo siku ile ile tulimpigia simu bwana nyama wa wilaya, tukamweleza. Akatushukuru, akasema kwamba atakuja kumchukua apelekwe mahali atakapounganishwa na tumbili wenzake, lakini mahali penyewe lazima patafutwe kwanza, na huenda siku zikawa nyingi. "Hata nitakapokuja," akasema, "mwekeni salama, wala msimzoeze kubebwa kama mtoto." Neno lile "salama" tulilisikia sote, na kila mmoja wetu alidhani amelielewa.

Nyuma ya shule palikuwa na banda la kuku lililoachwa, na ndani yake mabaki ya wavu wa kuku, ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita. Tukafurahi kuona ya kuwa Mungu ametupa vifaa bila gharama. Tukakata miti, tukasimamisha nguzo, tukaunyoosha wavu kwa nje na kuupigilia misumari. Jua lilipokuchwa kizimba kilikuwa tayari, na fedha yote tuliyotumia ilikuwa bei ya misumari. Tulikitazama kwa majivuno makubwa.

Siku ya tatu tuliona damu kidogo juu ya waya. Mgeni alikuwa amejichoma kidole penye ncha iliyotokeza. Tukamtazama, tukaona jeraha ni dogo, tukasema, "Ni utundu wake." Wiki ya pili alikuwa amekwisha kuvuta nyuzi mbili za waya kwa meno na mikono, na tundu moja limepanuka kuliko mengine. Tukalifunga kwa kipande cha waya, tukaenda zetu darasani. Sisi ambao kazi yetu ni kuwafundisha watu kusoma, kizimba kilituandikia barua mara mbili, nasi hatukuisoma.

Ndipo ikawa siku ya Alhamisi, wakati wa mapumziko. Mtoto wa kike wa darasa la kwanza alisogea kizimbani na kipande cha muhogo. Mgeni akatoa mkono wake mdogo nje kuomba, na mtoto akapitisha kidole ndani kumpa. Kidole kikaingia hata fundo la pili, na alipotaka kukirudisha, kikakwama. Akavuta, waya ukambana zaidi. Akalia kwa sauti kuu. Mgeni naye aliposikia kilio na kuona wavu watikisika akaingiwa na hofu, akauma.

Tulipofika mbio tulimkuta mtoto hawezi kuondoka pale. Ilitupasa kukata waya kwa koleo huku tukimshika, na watoto wote wa shule wamesimama wakitazama. Tukamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa robo ya saa, maana hilo ndilo la kwanza kwa mtu aliyeumwa na mnyama, kisha tukampakia pikipiki hata hospitali. Wakamdunga sindano ya kukinga kichaa cha mbwa, na siku nyingine alizopangiwa akarudi kudungwa tena. Twawasihi wasomaji walishike jambo hili: ugonjwa huo ukikwisha kuonyesha dalili zake, karibu hauna dawa, kwa hiyo mtu akiumwa na mbwa, au tumbili, au mnyama mwingine wa namna hiyo, asingoje kuona kama jeraha litavimba.

Jioni wazazi wake walikuja, pamoja na babu yake. Hapa ndipo penye aibu yetu. Baba yake alipouliza mambo yalivyokuwa, sisi tulijibu, "Tulikwisha kuwakataza watoto wasikaribie. Mtoto hakutii." Neno hilo lilikuwa kweli, kwa maana tulikuwa tumewakataza. Lakini tulilisema mbele ya mtoto mwenyewe, mkono wake umefungwa kitambaa cheupe, naye akainamisha kichwa. Baba yake akanyamaza. Mama yake akamvuta karibu naye. Sisi tukaona kwamba tumeshinda katika maneno, lakini mioyo yetu haikupata raha hata kidogo.

Babu yake ni fundi wa chuma, achomeleaye milango na madirisha pale sokoni. Alikuwa hajasema neno. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Nionyesheni hicho kizimba."

Tukampeleka na taa. Akakizunguka, akautia wavu kidole chake kinene, hakikupita. Akashika waya kwa vidole viwili, akausokota, ukakatika kama jani kavu. Kisha akauliza, "Mwalimu, kizimba hiki mlikipima kwa kitu gani?"

Tukasema, "Kwa wavu tuliokuwa nao."

Akasema, "Mtu akija kwangu kutaka dirisha, mimi napima dirisha lake. Sipimi chuma nilichobakiza." Akamwita mjukuu wake, akaushika ule mkono wake mzima, akaukunjua juu ya wavu. "Mmeupima kwa kidole changu, nacho hakiingii. Mmeupima kwa vidole vyenu, navyo haviingii. Mkono mnaotakiwa kuupima ni huu, na wa yule aliye ndani. Wavu hupimwa kwa mkono mdogo kuliko yote itakayoufikia."

Tukaona haya, tukasema tutamwachilia tumbili porini usiku ule ule. Mzee akatikisa kichwa. "Ataliwa kabla hakujapambazuka. Nunueni chuma, kazi ni yangu." Tukaanza kumshukuru kwa maneno mengi, akatukatiza, "Siwafanyii ninyi, wala simfanyii tumbili. Mjukuu wangu atarudi shuleni, na kizimba atakikuta palepale."

Usiku ule Mgeni alilala jikoni ndani ya tenga, limefunikwa na kufungwa kamba. Jumamosi tukafuatana na mzee hata mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yale tuliyojifunza siku ile, pamoja na tuliyoambiwa baadaye na bwana nyama na tuliyoyasoma wenyewe, twayapanga hapa, maana ndiyo yatakayomfaa msomaji.

Kwanza, unene wa waya. Mafundi huuhesabu kwa geji, na hesabu yake huwadanganya wasioizoea, kwa kuwa geji kubwa ni waya mwembamba, na geji ndogo ni waya mnene. Waya wa geji 20 una unene usiofika milimeta 1. Wa geji 16 una milimeta 1.6, wa geji 12 una milimeta 2.6; wa geji 10 una milimeta 3.25. Wavu wa kuku ni wa geji 20 au mwembamba zaidi. Kazi yake ni kumzuia kuku, na kuku hana mikono wala meno. Tumbili anayo yote mawili, tena ana siku nzima isiyo na kazi. Huushika waya, akautikisa, akautafuna, akarudi kesho mahali palepale. Kwa tumbili mzee hakupenda waya ulio chini ya milimeta 2.5, na akasema milimeta 3 ni bora. Kwa nyani mkubwa lazima uwe mnene zaidi, na kwa sokwe zaidi tena, pamoja na fremu ya chuma imara.

Pili, umbo la tundu. Hili hatukulifikiri kamwe. Tundu la wavu wa kuku lina pembe zilizobanana pale nyuzi zinaposokotwa pamoja. Wavu wa ua, ule ambao mafundi huuita chenilinki, una matundu yaliyosimama kama kishada, na kila tundu lina pembe kali juu na chini. Kidole kikiingia katikati hupita vizuri, lakini mwenye kidole akiteleza au akining'inia, kidole hushuka katika pembe na kubanwa pale, na uzito wa mwili hukivunja. Ndivyo alivyonaswa mtoto wetu. Tena chenilinki imesukwa kwa nyuzi ndefu, na uzi mmoja ukikatika wavu huweza kufumuka kama mkeka. Kwa mikono midogo, tundu la mraba lililo sawa pande zote ni la salama zaidi.

Tatu, ukubwa wa tundu. Hapa hesabu ni mbili, wala si moja. Kichwa cha mtoto wa mnyama kisipite kamwe, maana penye kichwa mwili nao hujaribu kufuata, na shingo hubaki katikati. Na tundu lisiwe la ukubwa wa katikati, yaani la kuingiza kiungo kwa urahisi na kukizuia kutoka. Kwa komba, ambao ni wadogo sana, matundu ya milimeta 13 hivi yafaa. Kwa tumbili mchanga kama Mgeni, mzee alichagua mraba wa milimeta 25. Kwa tumbili wazima na nyani, mraba wa milimeta 50 watumika, lakini wakiwa na watoto, lazima wavu upimwe kwa kichwa cha mtoto wala si cha mama.

Nne, viungo vya wavu. Ule wenye nyuzi zilizochomelewa penye kila makutano ni mzuri madhali umechomelewa vema. Mwenye duka alitutandikia mmoja wa bei nafuu. Mzee akaomba kipande, akakikunja mara mbili juu ya goti; viungo viwili vikaachia, "ta! ta!" na ncha zikasimama kama miiba. Akamrudishia pasipo kusema neno. Akatazama pia kama zinki imepakwa kabla ya kuchomelea au baadaye. Ikipakwa kabla, moto wa kuchomelea huiunguza penye viungo, na kutu huanzia palepale. Ikipakwa baadaye, wavu wote huvikwa, hata penye makutano.

Tano, zinki yenyewe. Zinki huzuia kutu, lakini si chakula. Wanyama hawa hulamba na kuguguna chuma, na zinki ikizidi mwilini huwa sumu. Imeonekana kwamba watoto wa kima wa Asia waitwao rhesus, waliolelewa katika vizimba vya chuma chenye zinki, walipauka manyoya na kupungukiwa na damu, kwa kuwa zinki nyingi huuzuia mwili kupata shaba kidogo unayohitaji. Kwa hiyo wavu mpya husuguliwa kwa siki na brashi ngumu, ukaoshwa kwa maji mengi na kuanikwa, ili ule unga mweupe na matone yaliyolegea yaondoke. Kisha mnyama hupewa matawi mabichi kila siku, apate kitu kingine cha kutafuna. Wavu uliovikwa plastiki haufai, maana watauambua na kuila. Wala rangi ya zamani yenye risasi isipakwe kamwe. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora kupita vyote, lakini bei yake si ya mfuko wa mwalimu.

Bwana nyama alikuja kututazama siku ya kujenga. Alipousikia mkasa wetu hakutukemea, ila alituambia habari za mahali pakubwa kuliko petu, tupate kuona ya kuwa hata wenye maarifa hawategemei wavu peke yake. Huko Uganda, katika Ziwa Viktoria, kiko kisiwa cha Ngamba, cha ekari 100 hivi, ambacho tangu mwaka 1998 ni makao ya sokwe waliookolewa mikononi mwa watu. Ukuta wao ni maji, kwa kuwa sokwe hawajui kuogelea. Walakini hata pale pana uzio wa umeme kati ya msitu na kambi ya watumishi, na pana nyumba yenye wavu wa chuma, ambamo sokwe huingia jioni kula na kulala. Na huko Kenya, katika Ol Pejeta, pana makao ya Sweetwaters, yaliyofunguliwa mwaka 1993, na sokwe wa kwanza waliletwa kutoka Bujumbura kwa ajili ya vita vya Burundi. Wako makundi mawili, na mto Ewaso Nyiro umepita katikati yao, na kila kundi lina uzio wa umeme. "Mwaona," akasema, "wenye kisiwa wameongeza wavu, na wenye mto wameongeza uzio. Ninyi mlikuwa na waya wa kuku, mkasema yatosha."

Basi tukajenga. Mzee alitengeneza fremu kwa mabomba ya chuma ya pembe nne, akaufunga wavu upande wa ndani wa fremu. Sisi tulikuwa tumeupigilia wa kwanza upande wa nje, na kila mara Mgeni alipousukuma alikuwa aking'oa misumari yetu. Ukiwa ndani, mnyama akisukuma hujisukumizia fremu, na nguvu zake zote zapotea. Kingo za wavu akazibana kwa flatibaa, na nati zote zikawa nje mikono isipofika. Chini akaulaza wavu mwingine kuzunguka nje, futi mbili upana, tukaufukia, ili mbwa na nguchiro wasichimbe. Juu tukaweka wavu pia, na nusu yake bati kwa ajili ya mvua na jua. Mlango ukawa miwili, na kijia kidogo katikati, hata mtu akifungua wa kwanza, wa pili umefungwa.

Mwisho wa yote, akapima hatua mbili kutoka kizimbani pande zote, akatusimamishia uzio wa miti wa kuwafikia watoto kifuani. "Huu," akasema, "ndio wavu wa pili, nao ni wa nje. Ule wamzuia yeye, huu wawazuia ninyi." Bwana nyama akaongeza kwamba wavu, hata uwe mzuri namna gani, hauzuii pumzi, kifua kikuu na mafua ya watu huweza kuwapata wanyama hawa, kwa kuwa miili yao yafanana na yetu. Hatua zile mbili ziliwalinda watoto wasiumwe, zikamlinda na Mgeni asikoholewe.

Mzee alitufundisha tena kazi ndogo ya kila asubuhi. Mwanafunzi mmoja wa zamu, pamoja na mwalimu, hupitisha kitambaa cha pamba juu ya wavu wote, polepole, kwa nje, Mgeni akiwa amefungiwa katika chumba chake cha kulalia. Mahali kitambaa kinaponasa, pana ncha. Huwekwa alama ya chaki, na fundi huitwa au ncha husuguliwa kwa tupa. Macho yetu yalikuwa yameitazama ile damu juu ya waya yasione kitu, lakini kitambaa hakidanganyiki.

Siku mtoto aliporudi shuleni, tulikuwa tumekwisha kuamua la kufanya, ingawa usiku kucha tulitafuta njia ya kuliepuka. Watoto walipopanga mistari asubuhi tukamwomba babu yake asimame karibu nasi, tukasema kwa sauti, ili wa nyuma wasikie: "Tulisema kwamba mwenzenu hakutii. Ni kweli tuliwakataza, lakini mkubwa hajengi kitu cha hatari mahali watoto wachezapo, kisha akategemea makatazo. Sisi ndio tuliochagua wavu usiofaa kwa sababu haukutugharimu kitu. Kosa ni letu, si lake." Watoto wakatutazama kwa mshangao, kwa maana hawakuzoea kusikia hayo. Yule mtoto hakusema neno, lakini aliinua kichwa. Jioni yake baba yake alipita njiani, akatusalimu kwanza, jambo ambalo hakulifanya tangu Alhamisi ile.

Mgeni alikaa katika kizimba kipya miezi miwili. Hakujichoma tena, wala hakumwuma mtu. Kisha bwana nyama akaja na sanduku lenye matundu, akamchukua kwenda kuwekwa na tumbili wengine yatima, wapate kukua pamoja. Watoto walilia. Siku chache baadaye vijana wakatuuliza kama wakimwona tumbili mwingine mdogo wamlete, kwa kuwa sasa nyumba nzuri iko. Tukawakataza kabisa. Kizimba kizuri si ruhusa ya kumtafuta wa kukijaza. Ni msaada tu kwa yule aliyekwisha kufikwa na msiba, na wa siku chache. Tumbili aliye na mama yake msituni ana nyumba ambayo fundi yeyote hawezi kuijenga.

Wasomaji, labda katika kijiji chako hapana tumbili wa kufungiwa, nawe waona habari hizi hazikuhusu. Lakini yako mengine tunayoyajenga kwa mabaki tuliyo nayo, tukayapima kwa mikono yetu mikubwa: kifuniko cha kisima, kinga ya moto jikoni, ngazi ya ghala, uzio wa bwawa. Sisi wakubwa twatia kidole, hakiingii, twasema, "Ni salama." Mtoto hakuulizwa, wala hakupimwa.

Kipande cha wavu wa kuku, kile tulichokikata kwa koleo, tumekitundika ukutani darasani karibu na kipande cha ule mpya. Tukifundisha vipimo twawaambia watoto wapime tundu kwa rula, halafu waandike milimeta ngapi. Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya yule mtoto wa kike. Alishika rula kwa mkono wake wa kulia, na kile kidole kisichokunjika kikabaki kimenyooka peke yake juu ya waya. Akasoma hesabu yake bila kukosea, akarudi kuketi. Sisi tuligeukia ubao kuiandika, tukakaa pale kitambo kabla ya kuwageukia watoto.